Misumari ya Bote za Sebastiano

Mama Feza, Mama Nyota, Mama Roza, na wewe Mama Kamala uliyenichotea maji tangu nirudi: mumeniuliza kila mumoja kwa wakati wake, kisimani, kwenye shamba la maharagi, na Siku ya Mungu mbele ya kanisa. Muliniona naenda na mbuzi kununua bote za miguu ya mutoto wangu, mukaniona narudi mikono mitupu, na sikusema kitu. Nikisema kwa mudomo, nafika katikati na sauti inakatika. Basi nimeandika. Mukono wangu ni wa jembe, herufi nilizipata kwa katekista tu, mutavumilia. Anayejua kusoma awasomee wengine. Mambo ya karatasi ya ruhusa ya kusafiri nayaacha. Kila muntu anajua namna ile karatasi inachosha.

Munajua nilizaa wavulana wawili, na wote walishuka Walikale kutafuta kazi kwenye machimbo ya mawe meusi. Damiano hakurudi. Alikuwa anapanda kutoka shimoni na karai ya muchanga kichwani, mvua imenyesha, akateleza. Alianguka chini na udongo ukamufuata. Sebastiano alisema yeye hataingia shimo lile, akapata nafasi kati ya wawindaji wanaoleta nyama ya kulisha kambi. Nililala vizuri kwa sababu ya nafasi ile.

Halafu Papa Mashaka wa Ngungu, yule anayeteremusha maharagi mpaka kambi ya Walikale, akapita kwangu. Hakukaa hata chini.

"Mama Kristina, Seba anakusalimia. Anasema umutafutie bote."

"Bote ya nini? Tangu lini mutoto wangu anavaa bote?"

"Kapita wao, musimamizi wa wawindaji, Lukeba, amekataa miguu wazi. Muwindaji mumoja alikanyaga kijiti cha mutego, muguu ukaoza, wakaukata. Muzungu wa kambi amekasirika. Sasa mwenye bote anabaki pori. Asiye na bote, mwezi ukijaa, anaingia shimo."

"Na kambi haiwapi bote?"

Papa Mashaka akacheka, lakini uso haukucheka. "Kambi inawapa filimbi ya kuwaamusha."

Yeye alikuwa anarudi Ngungu, hakuwa anashuka tena karibuni. Mwezi ulikuwa umeandama tu, mwembamba kama ukucha. Nikaacha wajukuu kwa Mama Roza, nikafungua mbuzi yangu, nikaenda.

Karuba mpaka Sake: namna nilichagua

Mbuzi ilibaki sokoni Sake, na mimi nikaingia duka la Mugiriki. Yeye mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo Anzuruni, kijana wa kuuza, kofia nyeupe, maneno mengi.

Mimi sijawahi kuvaa kiatu. Lakini nimechagua jembe, nimechagua chungu, nimechagua ngozi ya kulalia, na hata mume nilimuchagua mwenyewe, na vyote vilidumu. Nikamwambia Anzuruni alete bote za muntu anayetembea siku nzima katika maji na miiba. Akaleta aina tatu.

Za kwanza zilikuwa za mupira. Nikaingiza mukono nikauacha ndani mpaka ukatoa jasho. Zile zinapika muguu kama ndizi chunguni, nikaziweka pembeni. Za pili zilikuwa za kitambaa kigumu, nyepesi, nzuri kwa macho. Nikavuta uzi mumoja kwa ukucha, uzi ukaja. Za tatu zilikuwa za ngozi ya ng'ombe, ndefu mpaka juu ya kifundo, na chini zimepigwa misumari yenye vichwa vikubwa kama punje za mahindi.

Nilizikunja, soli ikarudi yenyewe. Nikanusa, ngozi ilikuwa imeiva, hainuki kuoza. Nikachukua maji ya kibuyu changu nikamimina ndani ya bote ya kuume.

"Mama, unafanya nini, patroni ataniua," Anzuruni akasema.

"Maji isipotoka haitaingia. Tulia."

Tulingojea, yeye na mimi, pamoja na wanunuzi wengine waliokuja kuangalia koko, bibi muzee, anayenywesha kiatu. Hakuna tone lililotoka. Anzuruni akasema, "Hata mimi sikujua."

Ilibaki kujua kama zitamutosha. Hilo halikunisumbua. Muguu wa Seba ni muguu wangu, mupana mbele kama jembe, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Tangu akiwa kijana tulikuwa tunakanyaga alama moja njiani. Nikavaa mwenyewe, nikasimama. Vidole vilikuwa na pa kulala.

"Anaenda nazo wapi huyo mwenye bote?" Anzuruni akauliza.

"Pori ya Walikale, kuwinda."

"Pori mimi siijui. Lakini watu wa ng'ombe, wa Kirolirwe na kule juu, wote wanataka hizi. Misumari njo uzima wao."

Nami nilijua hivyo. Nani kati yetu hajateleza pale mutelemuko wa Mushaki na muzigo mugongoni? Muntu wa milima akiona misumari chini ya kiatu, moyo unatua. Nikazichukua.

Sake mpaka Masisi: bote katika miguu ya koko

Kuzibeba kichwani, ningeibiwa. Tena bote mpya inauma, na Seba angeingia nazo pori siku ile ile ya kuzipata. Nikasema nitazilainisha mimi. Nikazipaka siagi ya ng'ombe ndani na nje, nikajaza majani ya mugomba yaliyokauka kwenye visigino, nikavaa.

Mbele ya Mushaki wanawake walikuwa wanapalilia karibu na njia. Mumoja akasimamisha jembe. "Koko, vita imerudi? Umeandikwa askari?"

"Nimeandikwa," nikasema. "Njo ninatafuta wanawake wavivu."

Walicheka mpaka nikapinda kona. Nilikuwa ninatembea vizuri ili waone, na nilipopinda kona nilikaa chini nikavua. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka, damu na siagi pamoja. Nikafunga majani mapya, nikavaa tena.

Papa Gervasi, derava wa lori ya mbao, alinihurumia akanipandisha. Nilimushukuru Mungu haraka kupita kiasi. Mbele kidogo lori ilizama katika matope mpaka mlango. Tulikata matawi, tukasukuma, tukalala, tukasukuma tena. Chakula kilikuwa viazi vya baridi vya mke wa Gervasi, tukagawana. Katika matope yale watu wote waliteleza, mimi nikabaki nimesimama. Gervasi akasema, "Koko Kristina, bote hizi zinashika udongo kama kupe." Nilifurahi sana moyoni.

Masisi mpaka Nyabiondo: polisi wa kizuizi

Kwenye kizuizi baada ya Masisi kulikuwa polisi mumoja, Lusenge. Yeye hakucheka.

"Vua hizo. Umezitoa wapi?"

"Sake, dukani. Ni za mutoto wangu."

"Kama ni za mutoto wako, kwa nini ziko kwako? Na kama ni zako, mwanamuke anataka bote ya mwanaume ya nini? Umeiba kwa Muzungu wa shamba gani?"

Nikamueleza Damiano, nikamueleza shimo, nikamueleza mwezi. Alisikiliza akiangalia bote tu. Akaniambia nikae pale mpaka mukubwa wake arudi, na wakati wa kungojea nifagie. Nikafagia kiwanja chote cha kizuizi. Bote alizipanga juu ya kiti chake, kama mugeni. Jioni mke wake, Mama Sifa, akaniletea maharagi bila chumvi, akakaa karibu yangu.

"Anatamani azivae, koko. Njo sababu. Amezijaribu nyuma ya nyumba."

"Na zikamwingia?"

"Zimekataa. Muguu yake ni mwembamba kama ya kuku."

Mukubwa aliporudi hakuuliza mengi. Akaagiza nivae mbele yake. Zikaingia kama mukono kwenye mufuko wake. "Muache aende," akasema, "hii ni miguu ya hii bote." Lakini mwezi haukuningojea pale kwenye kizuizi. Ulikuwa umenenepa.

Nyabiondo mpaka pori: gogo

Muntu wa Karuba akiingia pori anadhani mbingu imefungwa. Hakuna upande wa kuangalia. Udongo wenyewe huuoni, umefunikwa na majani na mizizi. Nilifuatana na mama mumoja wa kule, Machozi, aliyekuwa amepeleka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, soko ya Nyabiondo na sasa anarudi kwao. Yeye miguu wazi, kikapu kimening'inia kwenye paji la uso, mwendo kama wa swala. Mimi nyuma yake, ko, ko, ko, juu ya mizizi.

"Koko, nyama yote ya pori imeshahama," akasema. "Wanakusikia mpaka Walikale."

Nikaendelea, ko, ko, ko.

Tukafika kijito kimoja kinachokimbilia muto wa Lowa. Kilikuwa kimejaa, cheusi, kina kelele. Daraja lilikuwa gogo moja, refu, halina ganda, limelowa. Machozi akapita kama anatembea nyumbani kwake. Mimi nikafanya ishara ya musalaba nikapanda.

Misumari haikushika. Kwa udongo inaingia, kwa muti mugumu uliolowa inabaki juu, muguu unasimama juu ya chuma, na chuma kinakimbia. Hatua za kwanza nilijidanganya. Katikati miguu yote miwili ilitoka mara moja. Nilianguka kwa kifua, nikakumbatia gogo, maji yananivuta sketi na bote zimejaa, nzito kama mawe. Machozi alirudi akitambaa, akanishika nguo za mugongoni, tukavutana mpaka ng'ambo.

Tulilala pale kwenye majani, tunahema. Halafu akainua muguu wangu, akaangalia chini ya bote.

"Nani alikuchagulia hivi?"

"Mimi mwenyewe. Misumari inashika matope."

"Matope gani? Hapa wanaume wanawinda juu ya miti. Kila siku wanavuka magogo, na bunduki, na nyama mugongoni. Mutoto wako akivaa hivi, utamuzika na bote zake."

"Kwetu bila misumari njo unakufa."

"Kwenu ni kwenu, koko. Wewe umechagua bote ya watu wa ng'ombe."

Maji yalikuwa bado yanatoka masikioni.

Kwa muhunzi Kibira

Shemeji yake Machozi, Papa Kibira, ni muhunzi. Alizungusha bote, akagonga soli kwa ukucha, akasema ngozi ya juu ni nzuri sana, aliyechagua anajua ngozi. Hilo lilinipoza kidogo. Misumari ataing'oa, mashimo ataziba kwa utomvu wa muti, na chini atashona ngozi ya shingo ya nyati, upande wa manyoya ukiangalia chini. Ile, akasema, inakamata muti kama mukono.

"Itachukua wakati gani?"

"Ngozi lazima ilowe, halafu ishonwe, halafu ikauke kwenye moshi. Ikikaukia muguuni, itajikunja kama kikombe."

"Mwezi ukijaa mutoto wangu anaingia shimo."

Kibira akaweka bote chini. "Basi chagua, mama. Uende sasa na hizi zilivyo, ao ungoje."

Nilitoka nje nikasimama. Nikiwahi na misumari, Seba anabaki pori na gogo linamungoja. Nikikawia, shimo linamungoja. Nikawaza, kapita ni muntu, anaweza kungojea muntu. Gogo halingojei. Nikarudi ndani nikasema, "Ng'oa."

Aling'oa mumoja mumoja, kila mumoja ukilia kama panya. Hakutaka malipo mengine. Chuma kule ni shida, akasema misumari ile itamutosha kwa mishale na visu vidogo. Nikampa yote, hata sikufikiri.

Mvua ilinyesha na ngozi ikakataa kukauka. Nilikaa kwao, natwanga ndizi na Machozi. Walinipa sombe, yale majani ya muhogo, na mafuta ya ngazi, ikanifaa. Siku nyingine wakanipa nyama ya moshi, ina vidole vidogo. Nikauliza ni nyama gani.

"Kula kwanza, jina baadaye," Machozi akasema.

Nikameza mate tu. Kibira akasukuma sahani yake. Kwao kukataa nyama ya mwenye nyumba ni kusema umemuona mulozi. Machozi akawaeleza kwa lugha yao, sijui alisema nini, wote wakanitazama tumbo kwa huruma. Kumbe alisema nimeapa kwa padri nisile nyama. Siku iliyofuata walinipikia uyoga.

Usiku ule mwezi ulijaa. Niliuona katika tundu moja kati ya majani, mweupe, nikageukia ukuta.

Walikale mpaka kambi

Bote zilipokauka nilitembea mpaka Walikale bila kulala vizuri. Ngozi ya nyati ilikuwa nzuri ajabu. Nilipita magogo kama Machozi, na miguu haikuuma tena, siagi na moshi viliilainisha ngozi mpaka ikawa kama ngozi ya muntu. Nilisema moyoni, Seba atazivaa na hatajua kama amevaa.

Kambini nilimukuta Kapita Lukeba amekaa mbele ya nyumba yake, anapangusa bunduki. Muntu wa heshima, alinipa kiti.

"Mimi ni mama ya Sebastiano. Nimeleta bote."

Alizichukua, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye ngozi ya chini muda murefu.

"Hizi njo bote za pori," akasema. "Hata Muzungu hana hivi. Mama, kwa nini umechelewa?"

"Nafasi yake?"

"Nilimungojea kidogo, kwa siri. Halafu Muzungu mwenyewe akaja kuhesabu miguu. Alimuweka Bakari, aliyekuja na bote za mupira." Akanirudishia bote kwa mikono miwili, kama vile munarudisha mutoto. "Seba iko shimoni. Filimbi ikilia atapanda."

Nilingojea kwenye ukingo. Lile si shimo moja, ni mulima umekatwa, na watu ndani wadogo, karai kichwani, wanapanda kwa mustari njia ya udongo mwekundu inayong'aa kwa maji. Sikumuona. Wote walikuwa na rangi moja. Filimbi ikalia, na mumoja wa rangi ile akasimama mbele yangu akasema, "Mama, umekonda."

Alikaa chini akanawa miguu. Nikamuvalisha mwenyewe, kama wakati akiwa mudogo. Zikaingia bila kusukuma. Alisimama, akachezesha vidole, nikaona kidole kidogo kikiinua ngozi pale pale kilipoinua changu.

"Zinanienea, mama. Zimelainika. Nani alizivaa?"

"Mimi, kutoka Sake."

Akaniangalia visigino. Halafu akachukua hatua chache kwenye njia ile ya karai, kujaribu. Hatua ya tatu akateleza, akashika ardhi kwa mukono. Akajaribu tena upande mwingine, akateleza. Manyoya ya nyati yalikuwa yamejaa udongo, laini kama sabuni. Akakaa, akainua muguu.

"Chini ziko laini."

"Ni za kushika muti, Seba. Nilikuwa nimezinunua na misumari."

"Na misumari?"

"Nilimuachia muhunzi."

Akatikisa kichwa pole pole, hakukasirika. Angekasirika ingekuwa vizuri. "Humu ndani matope ni kama ya Mushaki," akasema. "Damiano aliteleza pale, unaona, penye jiwe jeupe." Halafu akauliza habari ya watoto wake, kama Roza mudogo ametoka meno, kama maharagi yameota. Tukaongea hayo mpaka giza.

Asubuhi alishuka nazo. Nilimwambia avue, miguu wazi angalau vidole vinachimba. Akasema chini kule mawe yanakata, na maji inakaa mpaka kwenye vifundo siku nzima, wenzake ngozi zao zinatoka. "Nitavaa nikiwa chini, nitavua nikiwa napanda." Nilimuona anashuka, bote shingoni, zimefungwa kwa kamba zake.

Walikale mpaka Karuba

Nilirudi miguu wazi njia ile ile. Kwa Kibira nilisimama. Alikuwa ameshafua misumari yote, akanionyesha ncha za mishale, nzuri, nyembamba. Alitaka kunipa kisu kimoja. Nikakataa. Machozi alinisindikiza mpaka gogo, akanishika mukono tukivuka. Pale kizuizini Lusenge aliangalia miguu yangu, akafungua njia bila kuniuliza karatasi.

Muliniuliza kama bote zilimufaa. Zilimufaa. Hazipitishi maji.

Papa Mashaka anashuka tena na maharagi baada ya Siku ya Mungu. Mama Feza, bwana wako ana bote za zamani, zile za wakati akichunga ng'ombe za Muzungu kule Kirolirwe, zimepasuka juu, ninazionaga kwenye dari lako. Juu sitaki, nataka misumari ya chini tu. Mama Nyota, na wewe uangalie kwa ndugu zako. Ya kutu haidhuru, iliyopinda haidhuru, mradi kichwa kiwe bado. Muniletee niifunge katika kitambaa. Seba atapata jiwe la kupigilia.